Shoto ya Maalim Zahran

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na sifa nyingi, nami nikala keki. Mkuu wa idara alivisoma vyeo nilivyopitia, kimoja baada ya kimoja, mpaka mwenyewe nikaanza kusinzia. Nilipofika nyumbani hakuna hata kimoja nilichokikumbuka. Kilichonijia ni uwanja wa changarawe kule Wattaya, na mzee mmoja kashika mwavuli, anapiga kelele neno moja mpaka sauti inamkauka. Sasa kwa kuwa nimestaafu, na Zeyana mke wangu keshachoka kuniona barazani nikimkosoa anavyokunja nguo, nimeona niwaandikieni nyinyi wadogo zangu wa kazini habari ambazo hazisomwi kwenye karamu.

Nilifika Matrah, bandari ya Uarabuni, mwaka sitini na nne, na mke, na sanduku moja la bati la rangi ya kijani. Yaliyotukuta Unguja mnayajua kwa wazee wenu, sitayarudia. Cha maana nilichokuja nacho ni vidole vyangu kumi. Nilikuwa karani wa taipu, na nilikuwa naweza kupiga barua nzima huku nnaangalia dirishani. Kiarabu changu kilikuwa cha Msahafu na cha maamkizi, basi. Siku ya kwanza sokoni nilimwomba muuza samaki kwa Kiarabu cha Msahafu, kama khatibu juu ya mimbari, naye akawaita wenziwe waje wasikilize. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. "Nlitaka changu wawili tu," nikamwambia Zeyana, "nkapewa watazamaji."

Kazi niliipata juu ya ghala la tende. Tajiri mmoja wa Matrah, mtu mwema mwenye haraka, alikuwa kafungua darasa la kuwafundisha vijana ukarani: taipu, hesabu za duka, Kiingereza cha barua. Wenyeji wakiliita madrasa. Sisi tuliotoka Unguja tukiliita chuo, ingawa kwetu chuo ni cha Msahafu, pale unapochapwa ukikosea alifu kwa ujiti. Harufu ya tende ilikuwa ikipanda mpaka juu, na nyigu wakiifuata, kisha wakaingia darasani kutazama tunafundisha nini. Wanafunzi wengi walikuwa wanaume wenye ndevu, wengine wana watoto.

Mwalimu mkuu alikuwa Maalim Zahran. Naye katoka Unguja mwaka ule ule, mzee wa miaka sitini hivi, mkewe kafariki zamani, watoto hana. Siku yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya taipureta, akanifunika mikono kwa leso yake, akasema, "Haya, nione." Nikapiga sahifa nzima sioni kitu. Akaichomoa, akaiangalia kwenye mwangaza wa dirisha. "Kidole chako kidogo cha shoto kivivu," akasema. "Lakini utafaa." Hiyo ndiyo barua ya ajira niliyopewa, na mpaka leo kidole hicho nnakishughulikia.

Nyinyi mnalalamika kompyuta ikiganda kidogo. Sisi joto la Juni lilikuwa likikausha utepe wa wino mpaka herufi zikatoka rangi ya chai. Maalim alinifundisha kuuhifadhi utepe ndani ya mtungi uliobaki na unyevu, kuusugua kwa tone la mafuta ya nazi, na kuzisafisha herufi kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Alinifundisha pia kutomkaripia mwanafunzi mbele ya wenziwe, somo ambalo mwenyewe alilisahau kila Ijumaa.

Jambo moja lilimwuma Maalim, nasi tulilijua na hatulisemi. Jina lake lilikuwa la Kiarabu mpaka kwa babu wa saba, sura yake ya Kiarabu, kilemba chake kizuri kuliko cha Tajiri, na Kiarabu chenyewe hakijui. Kazaliwa Unguja, kakulia Unguja, kasoma kwa Kiingereza. Hapa watu walikuwa wakimjia na maneno mengi kwa heshima, naye anaitikia "ahlan, ahlan", kisha macho yake yananitafuta mimi nimfasirie. Na Kiarabu changu, nishawaambieni kilivyokuwa.

Dawa yake ilikuwa mpira. Mwaka wa pili tu akaunda timu ya chuo. Ujanani alicheza Unguja, na kwa maneno yake alikuwa hodari sana. Mashahidi wote tuliwaacha kule. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, wa kufungwa kwa kamba, na ngozi ikipasuka kwa jua. Kazi ya kuutunza nikapewa mie. Nikawa naupaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa wanayopakia mbao za majahazi. Ngozi ililainika kweli, lakini mpira ukanuka mpaka paka wa Matrah wakawa wanatusindikiza. Timu nyingine zilikuwa na sifa ya ushindi. Yetu ilikuwa na sifa hiyo.

Uwanja ulikuwa Wattaya. Leo pale kuna maduka ya magari, vioo vitupu, na kijana anakujia mbio kukuuliza unataka rangi gani. Wakati ule palikuwa bonde la mawe na kimya. Kila Ijumaa baada ya sala, lori la tende la Tajiri likitupeleka, wachezaji na washabiki pamoja, na mwanzo lilikuwa likijaa mpaka watu wakaning'inia ubavuni. Tukifika, kila mtu anaokota mawe. Makubwa tunapanga mistari, madogo tunatupa nje, na Ijumaa ya pili tunayakuta yamezaliwa mengine.

Nikwambieni kweli, pale ndipo nilipopumua. Wiki nzima nilikuwa nikilipima kila neno kabla sijalitoa mdomoni. Ijumaa nilifungua mdomo tu, Kiswahili kikatoka chenyewe, kwa sauti, na hapana aliyegeuka kunishangaa. Nilikuwa nikipiga kelele kuliko refa. Nilipokuwa nikirudi nyumbani, Zeyana alikuwa akinipa maji ya asali kwa koo, huku akinicheka.

Shida ni moja: tulikuwa tukifungwa. Tulifungwa na timu ya bandarini, tukafungwa na makarani wa maduka, tukafungwa na watu waliokuwa wakipita na punda wao wakaombwa wajaze nafasi. Mwaka wa kwanza tulisema vijana bado wachanga. Mwaka wa pili tukasema uwanja mbaya. Mwaka wa tatu hatukuwa na la kusema.

Na kila mtu alikuwa na jina la mkosaji: Murad. Murad alikuwa kijana wa Kibaluchi wa Matrah, mwanafunzi wangu wa taipu, na mbio zake sijapata kuziona tena. Kiswahili chake kilikuwa "haya" na "basi". Akicheza katikati. Upande wa kushoto alikuwako Hamadi, kijana wetu wa Unguja, ambaye timu zote zilimsahau kwa kuwa mwembamba. Basi mpira ukimfikia Murad, Maalim anamwona Hamadi yuko peke yake, hapana hata wa kumgusa, naye anapiga kelele, "Shoto! Murad, shoto! Shoto!" Na sisi wote nyuma yake, "Shotooo!" Na Murad, badala ya kumpa Hamadi, anapiga. Yuko mbali, yuko karibu, kazungukwa na watu, anapiga. Mpira unapita juu, unaangukia majabalini, nasi tunakaa kungoja mtu aufuate.

"Huyu kiziwi au mkaidi?" Hamadi alikuwa akiuliza. "Mtu nimesimama pale kama mlingoti!"

Maalim naye hakuwa mtu wa kunyoosha mikono. Mkono wa kulia ulishika mwavuli, na kumwelekezea mtu kwa mkono wa kushoto kwake ni kukosa adabu, hata kama anachokielekeza ni kushoto kwenyewe. Akabaki na mdomo tu. Na jinsi Murad alivyozidi kupiga ndivyo Maalim alivyozidi kupiga kelele, na jinsi alivyozidi kelele ndivyo Murad alivyozidi kupiga.

Mwishowe tukagawanyika. Watu wa Unguja wakawa wanakaa upande mmoja wa lori, wa Matrah upande wa pili, katikati gunia la tende. Sisi tukasema Murad mchoyo wa mpira. Jamaa zake Murad nao wakasema nyinyi watu wa Zinjibari hamna shukrani. Kisha lori likaanza kupwaya. Wiki hii hayupo huyu, wiki ile hawapo wale, mpaka ikawa unaweza kulala ukajinyoosha humo ndani, na dereva alifanya hivyo hasa.

Mimi nami nikapoa. Mapenzi yalinitoka kidogo kidogo. Mwanzo niliacha kwenda mazoezini. Kisha nikawa nakwenda mchezoni lakini nakaa mbali, karibu na lori, kana kwamba nimekuja kwa shughuli ya tende. Kisha ikawa kila Ijumaa kichwa kinaniuma tangu asubuhi. Zeyana akanambia, "Kichwa chako kina ratiba." Nikakasirika, maana ni kweli. Sikuwa nimeuchoka mpira peke yake. Nilikuwa nimechoka kuwa mgeni, na ilikuwa imeniingia kichwani kwamba kama hata pale Wattaya hatusikilizani, basi hapana mahali tutakaposikilizana.

Binamu yangu alikuwa Kuwait, akaniita. Nusu ya vijana wa Matrah walikuwa wakikimbilia kule, kazi ziko tele. Meli ikitarajiwa mwisho wa mwezi. Zeyana akalitoa sanduku la kijani uvunguni, akauondoa mpira uliokuwa ukilala humo, akalipangusa. Nikaenda kumwambia Maalim. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanambia, "Nenda, mwanangu, Mungu akufungulie. Ila mpira niachie ushapakwa."

Wiki ile ile Tajiri akapanda juu, viatu mkononi, nyigu wakamfuata. Alisema kwa Kiarabu, kwa upole lakini kwa haraka zake, kwamba wenziwe sokoni wanamtania mpaka msikitini. Uko mchezo mmoja na timu ya bandarini. Tukifungwa, timu basi, na lori libaki na tende. Nami ndiye niliyefasiri, Maalim ananitazama mdomoni. Sikupata kufasiri kitu kigumu kama kile.

Tajiri alipokwisha kwenda, Maalim akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Wakiniondolea hii," akasema, "Ijumaa mie ntazungumza na nani? Weye unakwenda. Hawa wengine nnaamkiana nao tu. Salamu, nao salamu, kisha tunatazamana." Nikajitia nnafuta taipureta ambayo ilikuwa safi.

Basi sikilizeni kilichotokea. Siku chache kabla ya mchezo huo nilikuwa nafundisha herufi kubwa. Mnajua, kidole kidogo cha mkono mmoja kinashikilia kitufe pembeni, na mkono wa pili unapiga herufi. Darasani nilikuwa nimejizoesha kusema "yasar" kwa kushoto, maana ndicho Kiarabu chake. Siku ile akili yangu ilikuwa kwenye meli. Murad kakosea mkono, nami ulimi ukanirudi nyumbani. "Shoto, Murad," nikasema. "Shoto! Shoto!"

Akainua mkono akaipiga ile herufi kwa nguvu zake zote. Vyuma vikarukiana, vikashikana, karatasi ikatoboka.

"Ala! Unaivunja mashine!"

Akageuka, na macho yamemjaa maji kwa hasira. "Ustadh," akasema kwa Kiarabu, "nyinyi watu wa Zinjibari mnataka nini kwangu? Mnasema shuut, napiga. Nikishapiga, mnanitukana. Kila siku naenda ufukoni alfajiri kufanya mazoezi ya kupiga ili mzee aridhike, na haridhiki!"

Nikakaa kitako. Nyigu mmoja alikuwa akitembea juu ya karatasi iliyotoboka, nami nikamtazama anavyotembea. Shuut! Vijana wa Matrah wote walikuwa wakisema hivyo kwa kupiga mpira langoni. Piga! Miaka yote ile watu wazima na ndevu zetu tulikuwa tumesimama nyuma ya mawe tukimwamuru mtoto wa watu apige, kisha tukimlaani kwa kutii. Sisi tukisikia Kiswahili, wao wakisikia lao, na kila mmoja na uhakika wake.

"Murad," nikamwambia, "shoto unajua maana yake?"

"Shuut," akasema.

"Shoto."

"Shuut."

Tungekuwa pale mpaka leo kama sikumshika mkono wake wa kushoto nikautikisa. "Huu! Huu ndio shoto! Yasar!"

Akautazama mkono wake kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. "Hamadi," akasema pole pole. "Hamadi yuko yasar." Akajifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, na mabega yote yanamtikisika.

Sasa nani wa kumwambia Maalim? Kumwambia mzee yule kwamba timu yake imeuawa na kutojua kwake Kiarabu, kitu kile kile kinachomwumiza, wallahi bora ningeambiwa nivunje taipureta zote. Nikamchukua Murad, tukamwendea nyumbani baada ya alasiri. Akatutilia kahawa. Nikazunguka, nikaisifu kahawa, nikauliza afya ya mwavuli, mpaka mwenyewe akasema, "Sema, bwana. Nani kafa?"

Nikasema. Nikamweleza mpaka ile karatasi iliyotoboka.

Akakizungusha kikombe mkononi. "Mie Mwarabu," akasema. "Mpaka kwa babu wa saba. Nimekuja kwetu, na kushoto sijui kusema." Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akamtazama Murad, si mimi. "Mwambie," akanambia, "mwambie nnamtaka radhi. Mwambie alinitii kuliko wote, na mie nikamwona mkaidi."

Nikafasiri. Murad akainuka, akambusu kichwani. Maalim akajaribu: "Yasar. Ya-sar." Akaomba asahihishwe, akasahihishwa, akarudia tena, kama mtoto wa alifu kwa ujiti. Ndipo Murad akainua kidole. "La, Maalim," akasema, "usibadilishe. Golikipa wa bandarini ni mtu wa Matrah. Neno atalisikia kama nilivyolisikia mimi."

Nilipofasiri, Maalim alitua kikombe. Akaanza kwa kukoroma puani, kisha akacheka, akacheka mpaka akalala ubavu juu ya mkeka, kofia kule, nami nikacheka, na Murad anacheka kwa kuwa tunacheka. Jirani akatokeza kichwa kuuliza kama kuna harusi.

Ijumaa ile kichwa hakikuniuma. Lori lilikuwa na watu wachache, lakini Murad alimweleza mjomba wake, na mjomba, kumbe hana kifua cha siri, akawaeleza wengine, basi nyuma ya lori ikaja safu ya watu kwa miguu na kwa punda, jamaa za Murad na watu wetu wamechanganyika, wanafundishana njiani. "Shoto!" "Shuut!" "La, la, shoto!"

Kipindi cha kwanza tulifungwa mabao mawili. Nisiwafiche, nilitazama kule lori lilikoegeshwa. Tajiri alikuwa kakaa juu ya kiti alichokuja nacho, anahesabu tasbihi kwa kasi. Mara ya kwanza Maalim alipopiga kelele "Shoto!", Murad kwa mazoea akapiga, mpira ukenda majabalini kama kawaida yake. Hamadi akajitupa chini. Murad akajipiga kofi kichwani, na Maalim, badala ya kukemea, akafungua mwavuli akaufunga, ishara ambayo sisi hatukuielewa na nadhani hata yeye.

Kipindi cha pili Murad akapata mpira tena. Maalim akavuta pumzi. "Shoto! Murad, shoto!" Na sisi wote, Waunguja na Wabaluchi na Waarabu, wenye kujua maana na wasiojua, "Shotooo!" Golikipa wa bandarini, pande la mtu, akatanua mikono na kujikaza. Mabeki wake wote wakamvamia Murad mbele kuzuia shuti. Murad akautoa kushoto, taratibu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Hamadi alikuwa peke yake. Aliusukuma wavuni akasimama kuutazama, maana hakuwa na uzoefu.

Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Alikuwa ananuka samaki, nami nanuka sifa, tukapatana.

Lakini timu ya bandarini nao si wajinga. Beki wao mmoja mama yake alikuwa wa Unguja. Akashtuka, akawapigia kelele wenziwe kwa Kiarabu, "Yasar! Huyu mzee anasema yasar!" Kuanzia hapo, Maalim akisema shoto, wote wanakimbilia kwa Hamadi. Hila yetu ikafa. Jua likaanza kushuka, refa anaitazama saa yake, na Tajiri keshasimama, anakikunja kiti.

Murad akapata mpira mara ya mwisho. Hamadi kushoto kazungukwa na watu watatu. Nilikuwa nimesimama bega kwa bega na Maalim. Nikamwona anaufunga mwavuli, anautia kwapani. Midomo yake ikachezacheza kidogo kwanza, kama vile alivyofanya nyumbani kwake akijifunza. Kisha akapiga kelele kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kabla wala baada:

"Shuut, ya Murad! Shuuuut!"

Mimi mwalimu wa vidole, si wa masikio, lakini niliusikia ule urefu. Haikuwa shoto. Timu ya bandarini walisikia shoto, wakakimbilia kushoto. Na Murad, aliyesikia maneno ya mzee yule miaka yote bila ya kuyaelewa, safari hii aliyasikia kama yalivyosemwa. Akapiga. Alfajiri zote zile za ufukoni zilikuwa ndani ya mguu ule. Golikipa hakugeuka ila kwenda kuutoa mpira wavuni.

Mbili kwa mbili. Refa akapiga filimbi. Mkituona mngedhani tumechukua kombe la dunia. Watu walimbeba Murad, kisha wakambeba Maalim, mwavuli na yote, naye anapiga kelele kwa Kiswahili wamtue, na waliombeba hawaelewi, na safari hii hapana aliyejali. Nikamkimbilia Tajiri. Nikamwuliza, je, timu? Akakikunjua kiti, akakaa tena. "Nilisema mkifungwa," akajibu. "Mmefungwa?"

Tuliporudi sokoni Matrah, muuza kahawa akamwita kutoka upande wa pili wa njia, "Shuut, ya Maalim!" Maalim akavuka kumwendea. Macho yake hayakunitafuta. Nikasimama kwa mbali nikiwatazama wanavyozungumza, neno la huku na neno la kule, mikono yote miwili ya Maalim ikisaidia, ya kulia na ya kushoto, adabu kaiweka kando. Walikaa hapo mpaka kahawa ikapoa. Alikuwa akienda kila siku tangu siku ile, na Kiarabu alichojifunza kilikuwa kibovu na kitamu. Neno lake la kwanza, shuut, alilijivunia mpaka mwisho. Miaka mingi baadaye mtu akanifahamisha kwamba shuut asili yake wala si Kiarabu, ni Kiingereza, ambacho Maalim alikijua vizuri kuliko sote. Sikumwambia.

Nyumbani nilimkuta Zeyana na sanduku wazi, nusu ya nguo zimo.

"Zitoe," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Mpira hauna pa kulala."

Akanitazama. "Na kichwa?"

"Kimepona."

Akazitoa bila ya kuuliza la pili, tena kwa haraka, asije akanipa nafasi ya kufikiri. Meli ilipokuja nikampelekea binamu halua na udhuru.

Nisiseme kwamba tangu hapo tulishinda. Tulifungwa vizuri sana miaka miwili mingine. Lakini lori lilijaa, gunia la katikati likaondolewa, na mwaka sabini, Sultani mpya alipoifungua nchi, ofisi zikawa zinatafuta makarani mchana kutwa na ndugu zetu wakaanza kurudi kutoka kila upande, wa kwanza kuwapokea na kuwafundisha kazi walikuwa wale wa juu ya ghala la tende. Murad alikaa meza ya mbele. Mgeni kutoka Unguja akiingia kababaika na Kiarabu, Murad akimvutia kiti na kumwambia kwa Kiswahili, "Haya. Basi. Kaa hapa shoto."

Ninachowaombeni nyinyi mnaofundisha sasa ni kidogo. Mwanafunzi akikosea kosa moja kila siku, kwa bidii, kwa moyo wote, kabla ya kumwita mkaidi mwulizeni kasikia nini.

Juzi nililitoa lile sanduku la kijani niitie saa yenu, maana kuta zetu zimejaa picha za wajukuu. Lilipofunguka, harufu ikanipiga kifuani. Zeyana akapita na nguo zake zilizokunjwa vibaya, akaziba pua.

"Lahaula! Miaka yote hii, na bado linanuka sifa!"

"Sifa zangu hizo," nikamwambia, nikaitia saa ndani, nikaliacha wazi.